Kinyama Kutoka Mnyambe

Mmeniomba, ninyi mliobaki maabara, niandike kidogo kuhusu miaka yangu pale kabla sijasahau. Kusahau bado. Kinachonishinda tangu nistaafu ni kukaa tu. Wiki ya kwanza nyumbani Lupaso nilipanga vikombe vyote kabatini kufuata tarehe ya kununuliwa, nikavibandika namba, na mume wangu, Baba Tumaini, akaniuliza kwa upole kama kuna kikombe kinachosubiri majibu. Kwa hiyo naandika. Vyeo na mishahara sitaviandika. Vilikuja vilipotaka vyenyewe, na siku vilipokuja hadubini ilikuwa ileile.

Nilianza kazi hospitali ya Masasi nikiwa na vyeti safi na viatu vinavyobana. Chuoni nilikuwa nimejifunza kupima malaria, mkojo na wingi wa damu, na nilidhani hiyo ndiyo maabara. Mkuu wetu alikuwa Mzee Makwinja, Myao wa Masasi mjini, mtu mfupi mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka unaona lingeweza kusimama bila yeye. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho. Alikuwa ananoa kisu kirefu cha chuma juu ya mkanda wa ngozi, taratibu, kama kinyozi.

“Binti,” akasema, “hiki kisu hakikati mkate wala hakikati nyanya. Na wewe hutakigusa kwa miezi sita.”

“Sasa nitafanya kazi gani, Mzee?”

“Utavunja mayai.”

Nilidhani ananitania, kumbe hakuwa mtu wa utani. Kitengo chake kilikuwa cha vinyama, yaani vipande vya nyama vinavyokatwa mwilini mwa mgonjwa ili kujua uvimbe ni wa nini. Kinyama hulowekwa kwenye fomalini kisioze, kikakaushwa maji kwa spiriti, kikamiminiwa nta ya moto mpaka kikawa kitofali kidogo kama kipande cha sabuni. Kitofali hicho ndicho kinachokatwa kwa kile kisu, tabaka jembamba kuliko ganda la kitunguu, likaelea kwenye maji ya vuguvugu, likaopolewa kwa kioo cha slaidi na kupakwa rangi. Siku zile, ili tabaka lishike kwenye kioo, tulipaka ute wa yai uliochanganywa na gliserini. Ute ulibaki maabara. Viini vilikwenda nyumbani kwa Mzee Makwinja kwenye bakuli lenye mfuniko, na nadhani watoto wake ndio waliokuwa na afya nzuri kuliko wote mjini.

Miezi sita ilipokwisha nikapewa kisu. Tabaka langu la kwanza lilijikunja kama sigara. La pili lilichanika. La tatu nilipiga chafya likapaa, hatukuliona tena. Mzee hakunigombeza. Alikaa kando yangu, akanionyesha namna ya kushusha pumzi kabla ya kuzungusha mpini, na brashi ya kuvutia tabaka, brashi ya rangi ya kawaida yenye nywele tatu nne tu zilizosalia. Brashi ile niliitumia miaka mingi. Zililetwa mpya nyingi, zote zilikuwa na nywele kupita kiasi.

Mambo mawili alinifundisha ambayo nimewafundisha na ninyi mkachoka. La kwanza: kitofali hakitupwi. Mgonjwa anaweza kufariki, daktari anaweza kuhamishwa, kitofali kinabaki kazini. Tulikuwa na makabati yamejaa vitofali mpaka juu, na kwa kuwa panya wanapenda nta kuliko mahindi, tuliajiri paka. Hakuwa na barua ya ajira, lakini alifika kazini mapema kuliko baadhi yetu. La pili lilikuwa hili: “Kabla hujatazama kilichougua, tazama kwanza kilicho kizima. Kizima ndicho kitakachokuambia kama slaidi yako inasema kweli.” Nililiitikia, nikaliandika kwenye daftari, na nikadhani nimelielewa.

Watu wa kijijini walipojua nafanya kazi ya vinyama vya matiti, nikawa mali ya umma. Nimeshikishwa matiti harusini, nimeshikishwa msibani, nimeshikishwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Mama anakusalimia, anakuvuta nyuma ya ukuta, anasema, “Hebu nishike hapa, Mama Tumaini, ni kitu au si kitu?” Mimi si daktari. Nilisema hivyo kila mara, na kila mara nikashika. Kwa wengi havikuwa vitu. Waliokuwa navyo niliwapandisha kwenye gari mwenyewe, maana nilijua ukimwambia mtu aende hospitali wakati wa kuokota korosho, ataenda korosho zikiisha.

Waliniuliza pia kansa inatoka wapi. Mwingine alishasikia ni salfa ya kupuliza mikorosho, mwingine sidiria, mwingine jirani. Nilikuwa nawaambia: ni seli zako mwenyewe. Titi lina milija ya maziwa, na ukuta wa milija umejengwa kwa seli zinazosikia homoni. Homoni ikiita, zinaongezeka, ikinyamaza, zinatulia. Kansa ni seli iliyoacha kutulia. Zipo kansa ambazo bado zinasikia homoni na zinakua kwa sababu ya homoni hiyo, na hizo zina dawa yake, kidonge cha kila siku cha kuziba masikio. Zipo nyingine ambazo hazisikii kitu, na kwa hizo kidonge kile ni kama kumpigia hodi asiyekuwepo. Kujua hii ni ipi ni kazi ya rangi maalumu, ambayo sisi Masasi hatukuwa nayo. Inakwenda Dar es Salaam. Seli yenye kusikia inatoka na rangi ya kahawia. Kiziwi anabaki bluu.

Hapo ndipo mradi ulipotukuta.

Aliyeuleta ni Dokta Nuru, binti mdogo wa Dar, bingwa wa magonjwa ya nyama za mwili, mwenye mwendo wa haraka na kicheko cha haraka zaidi. Alikuwa ameandika andiko, akapata wafadhili wa nje wa kuchunguza kansa ya matiti kwa wanawake wa kusini. Tuliletewa mashine mpya ya kukatia yenye wembe wa kutupa, jambo ambalo Mzee Makwinja, aliyekuwa amestaafu tayari, alikuja kulitazama, akaupapasa wembe kwa kidole gumba, akaondoka. Tuliletewa friji, kompyuta, gari lenye nembo mlangoni, na hadubini yenye sehemu mbili za kuchungulia, ya mwalimu na ya mwanafunzi. Na fulana. Sijawahi kuona mradi usio na fulana.

Nilimsaidia Dokta Nuru kujaza karatasi za wafadhili, nikaona mahali pameandikwa: taja matokeo unayoyatarajia.

“Dokta, unataja matokeo kabla hujapima?”

“Mama Tumaini, ni kama posa. Unasifia kwanza, bibi harusi utamwona baadaye.”

Alichokisifia ni hiki: kwamba wanawake wa huko juu kwenye uwanda, Newala na vijiji vyake, huenda wanapata zaidi ile kansa kiziwi. Na kweli, majibu yalipoanza kurudi kutoka Dar, yalirudi bluu. Newala bluu, Makote bluu, Mnyambe bluu. Dokta Nuru alikuwa anasoma barua hizo amesimama, hakuweza kukaa. Wafadhili nao walifurahi. Wakaandika kwamba watatuma mgeni, na mgeni akiridhika mradi utaongezewa miaka mitano na Masasi tupate mashine yetu wenyewe ya ile rangi ya kahawia. Nami nilifurahi. Nilishaanza kupima ukutani mahali mashine itakapokaa.

Asubuhi moja, wiki chache kabla ya mgeni kufika, mtu aligonga kidirisha cha kupokelea sampuli. Alikuwa mama wa makamo, kilemba cha njano, kanga mbili, amesimama kama mtu aliyekuja kudai mbuzi wake.

“Shikamoo, mama,” akasema, ingawa tulilingana umri.

“Marahaba. Umeleta sampuli?”

“Sijaleta. Nimekuja kuifuata. Naitwa Asumini, Mama Issa wa Mnyambe. Mlichukua nyama yangu. Iko wapi?”

Katika miaka yangu yote hakuna mgonjwa aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimfungulia mlango. Alinisimulia akiwa amekaa kwenye kiti cha paka. Uvimbe aliuona akioga. Alishuka kwetu Masasi, akachomwa sindano nene ya kuchukua kinyama kidogo, akaambiwa ni kansa. Upasuaji alitaka ufanyike karibu na nyumbani, kwenye kituo kimoja huko juu ambako daktari mpasuaji alikuwa akipanda kila mwezi, ili mwanawe Issa aweze kumletea uji. Titi likatolewa, nyama yake ikashushwa kwetu kwa ajili ya mradi. Alikwenda Dar akatundikiwa dripu mpaka nywele zikaisha. Kisha akaambiwa kansa yake ni kiziwi, vidonge havitamfaa, arudi nyumbani, atazamwe tu.

“Kutazamwa nimechoka,” akasema. “Sasa nataka kutazama mimi.”

Sheria ya kumzuia ilikuwepo, nadhani. Sikuitafuta. Nilitoa slaidi zake zilizorudi kutoka Dar, nikawasha hadubini mpya, nikamkalisha upande wa mwanafunzi. Alichungulia, akashtuka, akacheka.

“Kumbe ndani nina maua!”

“Haya yaliyosongamana bila mpangilio ni kansa. Na hii mizunguko mizuri, kama vikuku, ni milija yako ya maziwa. Hiyo ni nzima.”

“Na hiyo rangi ya kahawia mnayoitafuta?”

“Haipo. Ndiyo maana tukasema kiziwi. Ingekuwa inasikia homoni, ungeona kahawia hapa.”

Jicho lake bado lilikuwa kwenye lenzi.

“Na hivi vikuku vizima, vyenyewe vinasikia?”

“Vinasikia. Ndiyo kazi yake. Mimba ikiingia homoni zinaviita, vinajiandaa kwa maziwa.”

“Basi mbona navyo havina kahawia?” akauliza. “Mimi nimenyonyesha watoto sita, dada. Kama hivi ni viziwi, yale maziwa yalitoka wapi?”

Nilisogeza slaidi kushoto. Nikaisogeza kulia. Vikuku vyote vilikuwa bluu, kila kimoja, hata pale ambapo lazima japo seli chache zitoke kahawia. Niliwaza maneno ya Mzee Makwinja niliyoyaandika kwenye daftari, na niliwaza slaidi zote za Newala nilizozipanga kwenye makasha kwa mikono hii bila kuzitazama vizuri, kwa sababu majibu yalikuwa yameshaandikwa na watu wakubwa kuliko mimi.

“Mama Issa,” nikasema, “unaondoka leo au unalala mjini?”

“Kwa nini?”

“Nataka kwenda nawe Mnyambe kesho. Nataka uniambie kila hatua ile nyama ilipopita.”

Alinitazama. “Kuna kosa?”

“Sijui bado. Nikijua nitakwambia wewe kwanza.”

Niliitimiza ahadi hiyo, tena haikunichukua muda mrefu. Pale kwenye kituo tulimkuta Sista Hilda, muuguzi wa chumba cha upasuaji, mama mnene, mchapakazi, anayependa kila kitu kiwe kwenye foleni. Hakuficha kitu, maana hakujua kuna cha kuficha. Mpasuaji hufanya kazi Ijumaa. Nyama inawekwa kwenye ndoo yenye maji ya dripu. Jumatatu gari la mradi linakuja, na hapo ndipo ndoo inamwagwa maji na kutiwa fomalini.

“Kwa nini isitiwe fomalini palepale, Sista?”

“Si mlituambia ninyi?” akasema, akafungua kabati, akatoa karatasi iliyobanwa vizuri. Ilikuwa na mwandiko wangu. Fomalini ni chache, tafadhali itumike kwa uangalifu, iwekwe wakati wa kusafirisha.

Ninyi mnaojua kazi mmeshaelewa. Nyama iliyokaa siku mbili tatu kwenye maji inaoza polepole hata kama haijanuka, na masikio yale ya homoni ndiyo yanayotangulia kuharibika. Kansa ya Asumini haikuwa imethibitika kuwa kiziwi. Ilikuwa imefika maabara ikiwa imechelewa. Na fomalini ilikuwa chache kwa sababu moja tu: haikuwemo kwenye andiko. Friji ilikuwemo, gari lilikuwemo, fulana zilikuwemo. Waliopanga walidhani fomalini ni kitu kilichopo kila mahali, kama maji. Newala hata maji hayapo kila mahali. Nami, badala ya kupiga kelele, niliandika kikaratasi cha kubana matumizi, tena kwa mwandiko mzuri.

Nilimwambia Asumini nje ya kituo, tumesimama juani. Nilimwambia kosa lilivyo, na kwamba karatasi ni yangu. Alijifunga upya upindo wa kanga.

“Kwa hiyo hamjui,” akasema hatimaye.

“Hatujui.”

“Basi kajueni,” akasema, akashika njia ya kwao.

Kumwambia Dokta Nuru kulikuwa kugumu zaidi. Nilimkuta anapanga picha za slaidi kwa ajili ya mgeni. Nilimweleza. Hakucheka.

“Maabara ya Dar ina hati zote za ubora, Mama Tumaini. Wangeona.”

“Wanaletewa kitofali. Ndoo hawaioni. Kwenye fomu yetu kuna tarehe ya kupokea sampuli tu. Saa ya kukatwa haina pa kuandikwa.”

“Unajua unachosema? Wiki mbili kabla?”

“Najua. Nilishapima ukuta wa kuweka mashine.”

Alivuta kasha la kwanza. Tulikaa pande mbili za hadubini mchana kutwa, yeye kwa mwalimu, mimi kwa mwanafunzi, tukitazama kizima tu. Slaidi za wagonjwa waliopasuliwa hapahapa Masasi, ambako ndoo ilitembea kutoka chumba kimoja hadi kingine, zilikuwa na vikuku vyenye kahawia, safi kabisa. Za kutoka juu zilikuwa bluu tupu, seli nzima na zenye kansa pia. Mahali fulani kwenye kasha la nne Dokta Nuru aliinua kichwa akafuta macho. Akasema ni vumbi. Tulikuwa na vumbi jingi siku hiyo, wote wawili.

“Nimeeleza kwenye mikutano miwili kwamba wanawake hawa wana kansa ya namna yake,” akasema. “Kumbe tuna ndoo ya namna yake.”

Mgeni alifika, mama mzee wa Kizungu mwenye kofia kubwa, aliyewahi kuwa mtafiti mwenyewe. Tulikuwa tumejiandaa kwa hotuba. Dokta Nuru aliiweka kando, akamkalisha kwenye hadubini, akamwonyesha kikuku cha Masasi, kisha kikuku cha Newala. Akamwambia kwamba kile alichowaandikia hakina ushahidi, na kwa nini. Mimi nilisimama karibu na mlango kama mtu aliyevunja sahani. Mgeni alitazama kwa muda mrefu. Halafu akaniuliza, Dokta akitafsiri, ningeomba nini kama ningeruhusiwa kuomba kitu kimoja.

“Fomalini,” nikasema. “Na saa ya ukutani kwa kila chumba cha upasuaji, na kalamu iliyofungwa kwa kamba, maana kalamu huku zinatembea.”

Alicheka, akaandika. Tukadhani tumepona. Miezi michache baadaye barua ikaja, yenye adabu nyingi. Kwa kuwa swali la msingi la mradi halikusimama, mradi hautaongezwa. Fedha zilizobaki tutumie kurudia vipimo na kununua tulichoomba. Gari likarudi Dar. Mashine ya kahawia haikuja, na ule ukuta niliutundikia kalenda. Vijana wawili wa mradi walipoteza kazi, na mmoja wao hakunisalimia kwa mwaka mzima. Sikumlaumu. Mtu anayesema ukweli ni rahisi hajawahi kuulipia kwa kazi ya mwingine.

Mnaniuliza mara nyingi kama ningefanya tena. Ningefanya, ila mapema zaidi. Baadhi ya wanawake ambao slaidi zao zilirudi bluu walikuwa wameshafariki tulipoanza kurudia. Nakumbuka mama mmoja wa Makote, mpole, aliyekuwa akiniletea ming'oko, vile viazi vya porini, kila anaposhuka kliniki. Kwake hatukuwa na nyama nyingine ya kupima, hivyo sitajua kamwe kama kidonge kingemsaidia. Nimewaambia hili ana kwa ana, nalirudia kwa maandishi: si kila kosa la maabara linapata nafasi ya pili. Dokta Nuru aliandika makala kuhusu ndoo. Haikuwa na umaarufu wa ile aliyotaka kuandika, lakini aliniambia watu wa nchi nyingine walimwandikia, wakasema na wao wamekwenda kutazama ndoo zao. Sista Hilda alitundika saa juu ya mlango wa chumba cha upasuaji, akawa anaandika saa ya kukata na saa ya kutia fomalini kwa dakika. Siku moja fomu yake ilikuja na maelezo ya ziada: “Dakika mbili. Msinipigie simu tena.”

Nimeruka siku moja makusudi, kwa sababu ndiyo ninayoipenda, na ninayeandika ni mimi.

Kitofali kikubwa cha Asumini kilikuwa kimeharibika, hakuna rangi ambayo ingekisaidia. Lakini kulikuwa na kile kinyama kidogo cha sindano, kilichochukuliwa hapa Masasi siku ya kwanza kabisa. Mimi mwenyewe, ingawa sura yake sikuikumbuka baadaye, nilikidumbukiza kwenye fomalini kabla hajamaliza kufunga vifungo. Kanuni za mradi zilisema vipimo vyote vifanywe kwenye nyama ya upasuaji, hivyo hakuna aliyekigusa. Nilikitafuta kwenye makabati siku nzima. Kilikuwa nyuma kabisa, kona moja imetafunwa na panya, paka wetu akiwa likizo inaonekana, lakini nyama iko salama. Nilikata tabaka nikiwa nimeshusha pumzi yote niliyonayo. Slaidi ikaenda Dar. Jibu liliporudi Dokta Nuru hakulisoma kwa sauti. Alinisukumia karatasi na picha. Ilikuwa kahawia, kahawia tupu, kama shamba lililolimwa jana.

Nilipanda Newala kesho yake nikiwa na vidonge kwenye mkoba, nikachukua bodaboda hadi Mnyambe. Ulikuwa mwezi wa kuchimba mashimo ya kupandia, watu wanasubiri mvua. Nilimkuta Asumini nyuma ya nyumba peke yake, amejifunga kanga kiunoni, anang'oa kisiki kando ya mashimo mapya, jembe akilivuta kwa mkono wa upande usiopasuliwa. Nywele zilikuwa zimerudi, fupi, zenye mvi ambazo alisema hakuziagiza.

“Shikamoo, Mama Tumaini. Umekuja na nini usoni?”

“Marahaba. Mama Issa, inasikia.”

“Nini inasikia?”

“Kansa yako. Si kiziwi. Tulipima kile kinyama cha kwanza. Vidonge vinakufaa, nimekuja navyo.”

Aliketi kwenye kisiki. Alifunika uso kwa upindo wa kanga, mabega yakatikisika, na mimi nikasimama pale na viatu vyangu vya ofisini nisijue niweke wapi mikono. Alipojifunua alikuwa ameshajifuta.

“Vinaponya?”

“Vinaizuia isirudi, kwa wengi. Si kwa wote. Siwezi kukuahidi.”

“Sijakuomba uahidi. Vinamezwa mpaka lini?”

“Kila siku, miaka mitano. Bila kuruka, hata ukijisikia mzima.”

“Miaka mitano,” akarudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Akageuka kutazama lile eneo alilokuwa analisafisha. “Nilikuwa napanda mihogo. Nilisema mkorosho wa nini, nitampandia nani? Mkorosho unaanza kuzaa mwaka wa tatu.”

“Wa tatu.”

“Wa tano unakuwa umechanganya kuzaa.”

“Umechanganya kabisa.”

Aliingia ndani, akatoka na kikombe cha maji. Huku juu maji hayamwagwi hovyo. Alikijaza nusu tu. Akafungua pakiti, akaweka kidonge kimoja ulimini, akanywa, akaniachia funda moja. Kisha akainama nyuma ya mlango akatoa jembe la pili, akaniwekea mkononi.

“Vua hivyo viatu,” akasema. “Mashimo ya mihogo ni madogo. Tunayapanua.”